Itozeni Nyumba Yangu, Iacheni Sahani ya Mlaji

Barua ya wazi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara,
Waheshimiwa Madiwani wa kata zote,
Ndugu Mkurugenzi wa Mji na wataalamu wako,

YAH: USHURU WA CHAKULA CHA HOTELINI NA KODI YA MAJENGO

Wengi wenu tunafahamiana. Wapo mliokaa kwenye mabenchi yangu mkala wali na perege kabla ya kuingia kikaoni, na wapo ambao mama zenu tuliuza pamoja sokoni. Mimi ni mama lishe, mwaka wa 17 sasa. Nina hoteli ya meza nne iliyoezekwa bati, mwendo mfupi kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, wasichana wawili wa kunisaidia, na jiko la mkaa ninaloliwasha saa 10 alfajiri. Nina pia nyumba ya vyumba sita kule Mlabani. Niliijenga chumba kimoja kimoja kwa fedha ya sahani hizo hizo, na leo vyumba vyote vina wapangaji.

Nataja mali yangu hadharani kwa sababu ndiyo hoja yenyewe. Kila inapokaribia miezi ya kupanga bajeti, mjini huzuka maneno ya vyanzo vipya vya mapato, na safari hii maneno yamekaa juu ya sufuria. Wanaosema wanasema hivi: tangu lami ifike hoteli zimekuwa nyingi, kila sahani ikikatwa kidogo mji utajengeka, na mwenye nyumba hataguswa, maana kodi ya majengo ikipanda kelele zitakuwa kubwa. Nimelisikia hilo kwa watu wazima ninaowaheshimu. Sitaki kusubiri mpaka liingie ukumbini kwenu likiwa ajenda. Mimi linanigusa pande zote mbili, na baada ya kupiga hesabu usiku mwingi nimefika mahali pamoja: fedha ya mji itafuteni kwenye nyumba, ya kwangu ikiwemo. Sahani iacheni.

1. Anayekula hotelini Ifakara hajatoka kustarehe.

Asubuhi wanaoingia kwangu ni vijana wa bodaboda waliokesha, na makuli wanaokwenda kupakua magunia kwenye mashine za mpunga. Mchana ni mafundi, vibarua, wanafunzi wa udaktari, walimu wapya ambao hawajapata chumba. Lakini wanaonifanya nishike kalamu ni wanaouguza. Mtu ametoka Malinyi au Mahenge, au amepanda treni ya TAZARA kutoka Mlimba, amemleta mama yake hospitali. Hana ndugu mjini, hana jiko, hana hata sufuria. Atakaa wiki mbili akishinda wodini na kulala kwenye kibaraza, na chakula chake cha siku ni sahani moja, anayoinunua kwangu au kwa mwenzangu. Nimewaona watu wawili wakigawana sahani moja, kila mmoja akimsukumia mwenzake upande wenye maharage mengi. Kwa watu hawa hoteli ni jiko la asiye na jiko. Ukiitoza sahani umemtoza mgonjwa, kwa sababu shilingi inayokatwa pale imetoka kwenye fedha ya dawa.

Wanaoupenda ushuru huu hutoa mifano ya Marekani, na mifano ipo. Kaunti ya Fairfax katika jimbo la Virginia iliwauliza wapiga kura wake Novemba 2016 kama wanataka kodi ya asilimia 4 kwenye chakula cha migahawani. Wakakataa. Mwaka 2025 viongozi wa kaunti wakaipitisha wenyewe, ianze Januari 2026, wakisema inapunguza mzigo kwa wenye nyumba. Ila tuangalie walikotoka. Kule mwenye nyumba hutozwa kwa thamani ya nyumba yake, tena kodi nzito inayosomesha watoto na kulipa polisi, ndipo wakatafuta pa kupumulia. Kule anayekula mgahawani ana jiko lake nyumbani. Sisi leo hatuitozi nyumba kwa thamani yake, halafu turukie sahani?

2. Hesabu ya sahani moja.

Wali maharage nauza shilingi 2,000. Nikitoa mchele, maharage, mafuta, mkaa, maji, pango la banda na ujira wa wasichana, nabaki na kama 250. Nikiuza sahani 40, siku imenipa 10,000. Sasa tuseme ushuru ni asilimia 5 tu, kiwango ambacho mtu ofisini atakiona kidogo. Ni shilingi 100 kwa sahani, 4,000 kwa siku. Nikimbebesha mlaji, atahamia kwa anayepika uchochoroni bila meza wala kibao cha jina, na huyo hamtamwona kamwe. Nikiubeba mwenyewe, nimetoa sehemu mbili kati ya tano za ninachopeleka nyumbani. Kwa siku 26 za kila mwezi, mwaka mzima, ni shilingi 1,248,000. Shikeni namba hiyo, nitairudia.

Na nani atahesabu hizo sahani? Mimi sina mashine ya kutoa risiti kwa kila kijiko. Mkusanyaji atakuja na kukisia, na ushuru wa kukisia naujua. Nilipokuwa binti niliosha vyombo kwa mama mmoja katika mji mwingine ambao sitautaja. Mkusanyaji alikuwa anakuja saa 7 mchana, anahesabu masufuria yaliyo mekoni, anaandika anachotaka. Siku moja mama alisema hajauza, mvua imenyesha tangu asubuhi. Sufuria la wali likateremshwa motoni likapakiwa kwenye gari, walaji wakiwa wameshanawa mikono. Mama yule hakulia pale. Alilia jioni, tukiwa tunakwangua masizi kwenye sufuria alilobakiwa nalo. Nimepika miaka 17 nikiomba nisiyaone tena mambo hayo, wala msichana anayenioshea vyombo leo asiyaone.

3. Wali huo umeshalipa njiani.

Hili halihitaji maneno mengi. Mpunga wa Kilombero unapouzwa, ushuru wa mazao unalipwa; mwaka 2017 ulishushwa ukawa asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkaa una ushuru wake, na samaki wana wa kwao. Mimi mwenyewe nina leseni na makadirio ya TRA. Upo pia ushuru wa huduma katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa wenzangu wa chini kabisa, wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka, kilitoka kitambulisho cha wajasiriamali Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kulipa mara moja na kupika kwa amani mwaka mzima. Ushuru wa sahani utawarudisha kwenye kukimbizana.

4. Nyumba yangu inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka.

Sasa tuhamie Mlabani. Vyumba sita, kila kimoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka napokea 2,160,000, na kazi yangu ni kuziba bati linalovuja na kupokea fedha. Kodi ya majengo ni 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye LUKU umeme unaponunuliwa, yaani 18,000 kwa mwaka. Haifiki hata asilimia moja ya pango. Sasa rudieni ile namba. Jasho la kusimama kwenye moshi lidaiwe 1,248,000, na nyumba inayoniingizia fedha nikiwa nimelala idaiwe 18,000. Mimi ndiye ninayenufaika na upungufu huo, na nasema si haki.

Tena hizo 18,000 kwa muda mrefu sikuzilipa mimi. Mita ni moja, wapangaji wananunua umeme kwa zamu, kwa hiyo waliokuwa wakikatwa ni wao. Mpangaji ana haki ya kumdai mwenye nyumba, lakini ni msichana gani wa duka la dawa atamgongea mama mwenye nyumba mlango kudai 1,500? Nilipolitambua nikaanza kuwarudishia kila mwisho wa mwezi. Majirani zangu wengi hawajalitambua.

Kodi hii imehamishwa mikono mara nyingi. Ilikuwa ya halmashauri, mwaka 2016 ikapelekwa TRA, mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU kwa 12,000 nyumba ya kawaida na 60,000 kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikawa 18,000 na 90,000. Tangu ilipoingizwa kwenye LUKU, swali moja haliulizwi: nyumba hii ina thamani gani? Nyumba ya kulala wageni ya vyumba 20, yenye vigae na viyoyozi kando ya lami, kama si ghorofa na ina mita moja, italipa 18,000. Mama mwenye vyumba viwili vya tofali Lipangalala, kuta bado zina mstari wa maji ya mafuriko, 18,000.

5. Bonde hili linaikumbuka kodi ya kila kichwa sawa.

Nimeambiwa kwamba kuitetea kodi ya nyumba ni kutetea mambo ya Wajerumani. Nalijibu kwa uzito wake, maana babu zetu waliumia. Amri ya kodi ya kibanda ilitolewa mwaka 1897, na kibanda cha kawaida kikadaiwa rupia 3, awe mwenyewe ana mavuno au hana. Asiye na rupia alilipa kwa kazi. Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walipoliendea boma la Mahenge na kufa kwa mamia mbele ya bunduki, kodi hiyo ilikuwa mojawapo ya mizigo iliyokuwa migongoni mwao, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Baadaye wengine wetu tumeiona kodi ya maendeleo, ambayo wanaume walilala porini kuikwepa mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

Lakini ubaya wa kodi ya kibanda, mbali na kutozwa na mgeni kwa mjeledi, ulikuwa kwamba haikumtazama mtu. Kibanda ni kibanda, rupia ni rupia. Nikiitazama hii 18,000 yetu ya kila nyumba naona kitu kilekile. Ninachokiomba mimi kinakwenda upande mwingine kabisa: mwenye kingi atoe kingi, mwenye kidogo atoe kidogo, asiye nacho aachwe.

6. Nani aliyepandisha thamani ya viwanja vyetu?

Mnakumbuka Januari 2016 kivuko kilipozama mtoni Kilombero. Mei 2018 Daraja la Magufuli likafunguliwa, mita 384, na watu wa Ulanga na Malinyi wakaacha kuomba dua kabla ya kuvuka. Kisha ikaja lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, tuliyoisubiri miaka kwa vumbi na matope. Chumba changu kilikuwa 15,000. Leo ni 30,000. Sikuongeza hata dirisha. Sikubeba hata ndoo moja ya kokoto ya barabara ile. Thamani hiyo niliwekewa mlangoni na fedha ya umma, na umma una haki ya kurudi kudai sehemu yake.

Kisha kuna maji. Masika ya 2024 Mto Lumemo ulipotapika, hamkuhitaji kusimuliwa. Wengine mlilala kwa ndugu. Mfereji ukizibuliwa, tuta likiimarishwa, barabara ya mtaa ikiinuliwa, kinachookolewa kwanza ni nyumba. Ni sawa nyumba ndiyo ichangie mfereji. Anayeuguza kutoka Malinyi atakula sahani yake na kuondoka. Nyumba yangu itabaki hapa ikisubiri masika mengine.

7. Najua kwa nini sahani inawavutia.

Kodi ya majengo ilipoingizwa kwenye LUKU mwaka 2021 ilikusanywa na TRA na kupelekwa Hazina. Wakati huo sehemu iliyotajwa kurudi halmashauri ilikuwa asilimia 15. Kwa kipimo hicho, katika 18,000 ya nyumba yangu mji ungebaki na 2,700. Ushuru wa sahani, kwa upande mwingine, ungebaki wote mikononi mwenu, tena mngeweza kuutunga kwa sheria ndogo bila kusubiri Bunge. Na mapato ya ndani ndiyo yanayozaa ile asilimia 10 ya mikopo ya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo mimi mwenyewe nilinufaika nayo katika kikundi. Kwa hiyo sidai kwamba mnaitazama sahani kwa roho mbaya. Mnaitazama kwa sababu iko karibu na mkono. Nawaomba muunyooshe mkono mbali zaidi, hata kama ni kazi ngumu.

Waheshimiwa, haya ndiyo ninayoyaomba.

Kwanza, Baraza litamke kwa azimio kwamba halitatunga sheria ndogo ya ushuru wa chakula kinachouzwa na mama lishe na hoteli ndogo. Na kama kuna diwani atakayeileta hoja hiyo hata hivyo, ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata na mtaa, kwa Kiswahili, kiwango na hesabu zake zikiwa wazi, tupewe muda wa kutoa pingamizi kabla haijapelekwa kwa waziri. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria. Sisi tunaotakiwa kuilipa tuione sheria kabla haijatuona.

Pili, mpeleke azimio TAMISEMI na Wizara ya Fedha, kupitia mbunge wetu na kupitia Jumuiya ya Tawala za Mitaa, ALAT, lenye mambo mawili: kodi ya majengo iwe ya madaraja kulingana na thamani ya jengo na matumizi yake, na sehemu kubwa ibaki katika mji inapotoka. Ifakara peke yake itasikika kidogo. Lakini Njombe, Masasi, Handeni na miji mingine ina 18,000 hiyo hiyo na mifereji iliyoziba vilevile. Anzeni nyinyi, wengine watawafuata.

Tatu, msisubiri jibu ndipo muanze kuhesabu. Kila mwenyekiti wa mtaa anazijua nyumba zake. Mji wa Freetown, Sierra Leone, mwaka 2020 chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr ulibuni njia ambayo haihitaji mthamini kuingia ndani: nyumba inapewa pointi kwa yanayoonekana nje, paa, kuta, ukubwa, barabara inayofika. Nyumba za kifahari zikapandishiwa, za wanyonge zikashushiwa. Arusha nao walipotumia picha za setilaiti waligundua majengo mengi mno ambayo hayakuwemo kwenye daftari. Sisi tunaweza kuanza na Viwanja Sitini na kando ya barabara kuu, kata moja kwa mwaka, kwa vijana wetu waliosoma na simu zao za mkononi. Siku Dodoma watakapokubali, daftari liwe tayari.

Nne, wasioweza walindwe. Sheria inamwachia mzee aliyetimiza miaka 60 nyumba anayoishi, na nyumba za udongo na nyasi hazimo kwenye kodi. Wazee wangapi wa Katindiuka wanalijua hilo? Wengi wanaendelea kukatwa kwenye umeme kila mwezi kwa sababu hakuna aliyewaandikia barua ya kuombea msamaha. Maofisa watendaji wa kata wapewe kazi hiyo, mlango kwa mlango. Na ambao nyumba zao zilibomolewa na maji, wasidaiwe mpaka wajenge.

Tano, kila robo mwaka bandikeni kwenye mbao za matangazo: kodi ya majengo iliyotoka Ifakara, iliyorudi, na mfereji uliozibuliwa kwa fedha hiyo, kwa jina la mtaa. Nikiona jina la mtaa wangu hapo nitalipa mara tano ya ninayolipa sasa, na nitawashawishi wenye nyumba wenzangu. Nisipoliona itakuwa vigumu kuwashawishi, hata mimi nikiwa nimesimama upande wenu.

Najua barua hii itawaudhi baadhi ya majirani zangu wa Mlabani. Tutazungumza nao. Wengi wao walianza kama mimi, na mmoja alianzia kwenye benchi la hoteli yangu akila kwa mkopo mpaka alipopata kazi.

Vikao vya Baraza ni vya wazi. Siku mtakapojadili makisio ya mapato, wasichana watapika, mimi nitakaa kwenye viti vya wananchi kule nyuma. Nitakuwa na daftari langu la mauzo na risiti za LUKU za nyumba ya Mlabani, zote kwenye mfuko mmoja. Diwani atakayetaka kuzikagua aniite tu, nitasogea mbele.

Wenu mtiifu,

Mama lishe na mwenye nyumba,
Ifakara.